Mirathi ya Mtu Usiyemjua

Barua pepe inayomfikia mtu kwa taadhima kubwa, ikimwarifu kwamba marehemu fulani asiye na mrithi ameacha mamilioni ya dola benki, na kwamba yeye ndiye aliyeteuliwa kuyapokea, ni hadaa ya kale. Maana Vidocq, aliyepata kuwa mkuu wa upelelezi wa polisi mjini Paris, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizoanza kuchapwa 1828, jinsi wafungwa walivyowaandikia wenye mali habari za hazina iliyofichwa, wakiomba fedha kidogo za kuifikia.

Wengi wasomao barua pepe za namna hii hucheka, wakastaajabu kwamba mwongo hakujitahidi kuuficha uwongo wake. Jambo hilo alilichunguza Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, mwaka 2012, na jawabu lake ni la thamani: kutuma barua kwa maelfu ya watu karibu hakugharimu kitu, lakini kuandikiana na kila anayejibu kunakula siku na majuma, kwa hiyo mlaghai hufaidika barua yake ikifanya kazi ya ungo, ikawapepeta mapema wenye shaka, wakabaki wale watakaolipa. Basi ni dhuluma kumbeza aliyenaswa, mjane mwenye madeni au kijana asiye na kazi, kwani barua ilimtafuta yeye hasa.

Wala jina la mtumaji si ushahidi, kwani kanuni za mwaka 1982 za kusafirisha barua pepe hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Na ingawa baadaye ziliongezwa njia za kuhakiki anuani, jina lionekanalo juu ya barua lingali ni lile alilopenda mtumaji kuliandika. Liguse jina hilo, na mara nyingi utaona kwamba “Idara ya Mirathi” ya benki mashuhuri inaandika kutoka sanduku la bure ambalo yeyote aweza kulifungua, na kwamba jibu lako litakwenda kwenye anuani nyingine kabisa. Walakini anuani safi si dhamana, kwa kuwa sanduku la mtu mwema huweza kuibwa.

Alama ya hadaa hii iliyo dhahiri kuliko zote ni ada: leo ushuru, kesho bima, kisha cheti cha kuthibitisha kwamba fedha ni halali, ikilipwa moja huzuka nyingine, na aliyekwisha kutoa huona uchungu kuacha alichotoa kipotee. Hata akikoma hajasalimika, kwani anuani yake huweza kuuzwa kwa walaghai wengine, ikamjia barua ya “wakili” anayeahidi kumrudishia alichoibiwa, akitaka kwanza ada ndogo ya kufungua jalada.