Mhusika Ana Jina, na Mwenye Akaunti Ana Lake

Tarehe 6 Julai 2010, kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment, inayotengeneza gemu ya World of Warcraft, iliwatangazia wateja wake jambo ambalo huenda ofisini kwake lilionekana dogo. Muda si mrefu, kila atakayeandika kwenye mabaraza rasmi ya kampuni hiyo angeonekana kwa jina lake halisi, la kwanza na la ukoo, badala ya jina la mhusika anayemchezesha. Nia ilikuwa kupunguza matusi. Mtu akijua kwamba jina lake la ukoo liko mbele ya macho ya watu, atapima maneno kabla ya kuyatoa.

Mfanyakazi mmoja wa kampuni akajitosa. Aliandika jina lake halisi hadharani ili watu waone kwamba hakuna cha kuogopa. Haikuchukua muda, wachezaji wakawa wameshachimbua habari za maisha yake na kuzibandika mtandaoni, anwani na simu zikiwemo. Malalamiko yakamiminika: walimu hawakutaka wanafunzi wao wajue wanakoshinda usiku, wanawake hawakutaka kufuatwa hadi nyumbani na mtu waliyemshinda vitani, watafuta kazi waliwawazia waajiri. Tarehe 9 Julai, Mike Morhaime, mmoja wa waanzilishi wa kampuni na mkuu wake wakati huo, akatangaza kwamba mpango umefutwa. Ulidumu siku tatu.

Kwa asiyecheza gemu hizi, zogo lote hilo linaweza kuonekana la watu wasio na kazi. Lakini hao wachezaji walikuwa wanagombea jambo ambalo kila mtengenezaji wa gemu za kuigiza uhusika amelazimika kulitafutia jibu: watu wakutane kwa jina lipi, la mhusika au la mwenye akaunti?

Gemu hizi zina asili ya mbali kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle waliandika MUD, ulimwengu wa maneno matupu ambamo watu kadhaa waliweza kuingia kwa pamoja, kila mmoja kwa jina alilojichagulia. Picha zilikuja baadaye, lakini kanuni ilibaki ileile. Mchezaji anaunda mhusika, anampa sura, kabila, kazi na jina. Akimchoka, anaunda mwingine. World of Warcraft ilipoanza Novemba 2004, mtu mmoja aliweza kuwa na wahusika kumi kwenye seva moja: leo mganga, kesho mwizi wa vichakani, keshokutwa mzee mwenye shoka. Waliokutana na mganga hawakuwa na njia ya kujua kwamba jana yake walikuwa wametukanwa na mtu yuleyule akiwa mwizi.

Tatizo la kwanza lililojitokeza halikuwa la siri hata kidogo. Majina yalikwisha.

Katika gemu hiyo jina lilipaswa kuwa na herufi 2 hadi 12, bila nafasi wala tarakimu, na kwenye seva moja lilitumiwa na mhusika mmoja tu. Aliyechelewa kufika akitaka kuitwa Legolas alikuta limeshachukuliwa, basi akaongeza alama juu ya herufi, akawa Lègolas. Aliyemfuata akawa Lególas. Rafiki akitaka kumtumia ujumbe, alianza kwanza kutafuta hiyo alama iko wapi kwenye kibodi. Thamani ya jina fupi na safi ikapanda hivi kwamba Agosti 2019, Blizzard ilipofungua upya toleo la zamani la gemu, iliwapa wenye usajili takriban wiki mbili za kutangulia kuweka majina, hadi matatu kwa kila akaunti, kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kucheza.

Wengine walijaribu kuukwepa msongamano huo mapema. Guild Wars ya mwaka 2005 ilimtaka kila mhusika awe na jina la maneno mawili au zaidi. Final Fantasy XIV ya Japani inadai jina la kwanza na la ukoo. Hata hivyo seva zikipungukiwa na watu huunganishwa, na hapo wenye majina yanayofanana hugongana. Star Wars: The Old Republic ilipozipunguza seva zake hadi tano mwezi Novemba 2017, wachezaji wengi waliingia wakakuta wahusika waliokaa nao kwa miaka wanadaiwa majina mapya.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kumpa mchezaji jina la pili, la akaunti nzima, linalowafunika wahusika wake wote. City of Heroes, gemu ya mashujaa wanaopaa iliyotoka Aprili 2004, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya hivyo: jina la akaunti lilitanguliwa na alama ya @, na rafiki aliyekuwa nalo alikupata kwa gumzo bila kujali leo umevaa barakoa ipi. Studio ya Cryptic, iliyoiunda gemu hiyo, ilikwenda mbali zaidi katika Star Trek Online ya mwaka 2010. Humo jina la mhusika halilindwi tena. Watu hamsini wakitaka wote waitwe Nova wataitwa, kwa sababu nyuma ya kila Nova kuna alama ya @ na jina la akaunti linalomtofautisha na wenzake.

Mwaka 2012 njia hiyo ikawa barabara kuu. Blizzard, ikiwa imepata somo lake, ilileta jina la utani linalofuatwa na tarakimu, likatumika katika Diablo III na kisha katika gemu zake nyingine. Guild Wars 2, iliyotoka Agosti mwaka huohuo, iliweka nukta na tarakimu nne mwishoni mwa jina la akaunti. The Elder Scrolls Online ilifuata Aprili 2014 kwa @ yake. Iliwaweka wachezaji wa bara zima kwenye seva moja kubwa, na uanachama wa vyama vya wachezaji ukawa wa akaunti: ukijiunga na chama, wahusika wako wote wamejiunga.

Faida zake hazibishaniwi. Kiongozi wa chama chenye watu mia mbili anajua ana watu mia mbili, wala si arobaini waliojigawa. Marafiki hawapotezani mtu anapoanza mhusika mpya. Na aliyezoea kusumbua watu, kisha akabadili mhusika na kurudi mlango wa nyuma, anakutana na kufuli, kwa kuwa aliyezuiwa ni mtu mwenyewe pamoja na nyuso zake zote. Kabla ya hapo, mwanamke aliyeandamwa na mchezaji mmoja alilazimika kumzuia mara moja kwa kila jina jipya ambalo msumbufu huyo alikuwa na subira ya kulitunga. Na msumbufu haishiwi subira.

Lakini kuna kinachopotea. Afrika Mashariki kila mtu ameshaonja kidogo: fundi unayemwita Baba Zawadi kwa miaka anakutajia namba ya kutumia pesa, M-Pesa inakuletea jina ambalo hujawahi kulisikia, na kwa sekunde moja unajiuliza kama hela inakwenda kwa mtu sahihi. Katika gemu, mwenye kuigiza hupatwa na hilo saa zote. Amekaa saa nzima akimtunga bibi wa kijiji anayezungumza kwa mafumbo. Mwenzake anafungua orodha ya chama na kumwona kwa jina la akaunti alilolichagua akiwa na miaka kumi na minne, lenye neno la kihuni na mwaka wake wa kuzaliwa. Igizo limekwisha hapo.

Watengenezaji walisikia, na baadhi yao walirekebisha. The Elder Scrolls Online inamruhusu mchezaji kuchagua aone jina lipi kwenye gumzo. Lakini orodha ya marafiki hukaa kwa majina ya akaunti, na kwa wanaoingia kwa njia ya kawaida kwenye kompyuta jina hilohilo ndilo la kufungulia akaunti. Kwa maneno mengine, nusu ya ufunguo inaning'inia hadharani, imebaki nywila tu. Guild Wars 2 ilipata wazo dogo lenye busara: unaweza kumpa rafiki jina la utani linaloonekana kwenye orodha yako peke yako.

Upande wa Blizzard, kasoro ilikuwa ya aina nyingine, na pengine ndiyo iliyowachosha wengi. Ukishampa mtu jina lako la akaunti, alikuona kila ulipoingia, kwa mhusika yeyote. Kulikuwa na wachezaji waliounda mhusika wa siri wapate kucheza peke yao jioni moja, wachimbe madini na kuvua samaki bila kuitwa vitani. Hawakuwa na pa kujificha. Kitufe cha kuonekana kama hujaingia, ambacho programu za kawaida za gumzo zilikuwa nacho tangu zamani, kilikuja mwaka 2017.

Kwamba watu hutenganisha majina kwa sababu nzito kuliko kuvua samaki, mfano unaojulikana zaidi ni wa Mats Steen wa Norway. Steen alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli, na miaka yake ya mwisho aliitumia kwa kiasi kikubwa ndani ya World of Warcraft. Huko alikuwa Ibelin Redmoore, mpelelezi mwenye mabega mapana na mpenda wanawake, mwanachama wa chama kiitwacho Starlight. Alikuwa pia na mhusika mwingine, Jerome Walker. Kwa muda mrefu wenzake hawakujua kwamba anayewasikiliza na kuwasuluhisha anatumia kiti cha magurudumu. Ukuta huo aliujenga mwenyewe, na ni yeye aliyeanza kuubomoa mwaka 2013 alipofungua blogu na kueleza hali yake. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake, walioamini kwamba mtoto wao hakuwa na marafiki, waliweka taarifa ya msiba kwenye blogu hiyo na barua zikaanza kuingia. Baadhi ya wana Starlight walisafiri hadi Norway kumzika. Filamu ya Benjamin Ree kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2024.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Steen alifungua mlango kati ya Ibelin na Mats kwa mkono wake na kwa wakati wake. Orodha ya marafiki inayofichua kila kitu mtu anapobonyeza kukubali ingemnyima nafasi hiyo.

Kuna gemu moja ambayo imegeuza mashaka haya kuwa uhondo wenyewe. EVE Online, gemu ya Iceland iliyotoka 2003, haina jina la akaunti linaloonekana na wachezaji wengine. Akaunti moja inabeba wahusika watatu na hakuna anayeambiwa kwamba ni ndugu. Matokeo yake, ujasusi ni kazi halali. Mtu anaweza kumpeleka mhusika mmoja kwenye muungano wa adui, akamlea humo kwa miezi, kisha akafungua milango ya ghala. Vyama vikajihami kwa kuwadai waombaji wa uanachama wakabidhi funguo za kidijitali zinazoonyesha taarifa za wahusika wao. Kwa hiyo kiunganishi ambacho kampuni haikukitoa, wachezaji wanakidai wao kwa wao mlangoni, na jasusi mwenye bidii hununua akaunti ya pili.

Katika EVE jina la mhusika huwa zito kwelikweli. Sean Smith, mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani aliyeuawa Benghazi, Libya, Septemba 2012, humo ndani alijulikana kama Vile Rat, mwanadiplomasia wa muungano wa Goonswarm. Wachezaji wa pande zote, maadui zake wakiwemo, walibadilisha majina ya vituo vya anga kumkumbuka. Walitumia la mhusika, kwa kuwa ndilo walilokuwa wakilijua.

Black Desert, gemu ya Korea Kusini, ilichukua njia ya kati inayoeleweka haraka kwa watu wa pande hizi: kila mhusika ana jina lake, na wote kwenye akaunti moja wana jina la ukoo. Ni utaratibu mzuri, ingawa hauna msaada wowote kwa anayetaka mhusika asiyejulikana kwao.

Tukio la karibuni zaidi linatoka Final Fantasy XIV, na ndilo linaloonyesha jinsi nia njema inavyoweza kuponyoka. Katika toleo la Dawntrail la kiangazi cha 2024, Square Enix, kampuni inayoitengeneza gemu hiyo, iliboresha orodha ya kuzuia watu. Ukimzuia mhusika mmoja, wahusika wote wa akaunti ile wanatoweka machoni pako, jambo ambalo walioandamwa walikuwa wakiliomba kwa miaka. Ili hilo lifanyike, gemu ilihitaji kuituma kwenye kompyuta za wachezaji namba ya ndani inayotambulisha akaunti. Haikuonekana kwenye skrini, ila ilikuwepo. Mwanzoni mwa 2025 ikajulikana kwamba mtu ameunda programu ya pembeni, PlayerScope, iliyokuwa ikizikusanya namba hizo na kuonyesha wahusika gani ni wa mtu mmoja. Chombo kilichojengwa kumficha anayeandamwa kikawa ramani ya anayemwandama.

Naoki Yoshida, mkurugenzi na mtayarishaji wa gemu hiyo, alitoa taarifa Januari 2025 akisema kampuni inafikiria kudai programu hiyo iondolewe na hata kuchukua hatua za kisheria, na akawahakikishia wachezaji kwamba anwani na habari za malipo haziwezi kupatikana kwa njia hiyo. Waliokuwa wameshaorodheshwa hawakuwa na la kufanya haraka. Kubadili jina la mhusika hakukusaidia, wala kuhamia seva nyingine, kwa sababu namba ni ya akaunti. Aliyetaka kuanza upya kabisa ilimbidi ainunue gemu mara ya pili, na miaka yote ya wahusika wake aiache upande wa pili.