Jina la Kibarua Liandikwe

Tangu daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2018, msafiri atokaye Ifakara kwenda Ulanga hangoji tena pantoni. Wenyeji hawajasahau jinsi MV Kilombero II ilivyozama Januari 2016, daraja likiwa bado linajengwa. Na penye daraja na barabara, nyumba hazikawii kuota. Mjini Ifakara msingi unachimbwa huku na tofali linabebwa kule, na wafanyao kazi hizo aghalabu ni vijana wa kutwa, walipwao jioni na kuagana na fundi bila hati yoyote.

Swali letu kwa wakuu wa kazi, wa Bara na wa Visiwani, ni hili: kijana huyo akianguka kutoka juu ya jukwaa la miti, nani atathibitisha kwamba siku ile alikuwa kazini?

Bonde hili lina sababu ya kuuliza. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kuukwea ukuta wa milima kuelekea Makambako, na sehemu hiyo ya mahandaki na madaraja ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ya reli hiyo, na huko Gongo la Mboto yapo makaburi yao yenye majina. Watanzania na Wazambia walikufa pia.

Sheria ya fidia ya wakati ule tuliirithi kwa mkoloni, tukaendelea nayo kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili. Hata katika siku zake za mwisho, kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 83,000 kwa kifo na shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu. Hizo ni fedha za matanga, si za kulea yatima. Ndipo ikatungwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Mchango wote hutolewa na mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Aliyeumia hutibiwa, na kwa muda asioweza kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa miezi isiyozidi 24. Akifariki, wategemezi wake hupata haki yao. Serikali inastahili kushukuriwa kwa hatua hiyo.

Lakini asilimia 70 ya nini? Fidia hupimwa kwa kipato, na kipato cha kibarua hakikuandikwa popote. Mwenye nyumba, labda mwalimu au mkulima wa mpunga anayejenga kidogo kidogo kila baada ya mavuno, atasema kwamba yeye alipatana na fundi tu. Fundi naye atasema kwamba hana kampuni, na kwamba yule kijana alikuja mwenyewe asubuhi kuomba kazi. Wote wawili huenda wanasema kweli. Hapo ndipo haki inapopotea: hapana aliyekataa kulipa, ila hapana anayejulikana kuwa mwajiri. Makampuni makubwa ya barabara na madaraja yana daftari, na mkaguzi wa OSHA anajua pa kuyapata. Shimo la choo lililochimbwa nyuma ya nyumba, katika udongo wa bonde ambao mvua ikinyesha kingo zake hulainika na kubomoka, mkaguzi hatalipata mpaka mtu awe amefukiwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni ya Bara peke yake. Mambo ya kazi si ya Muungano: Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na Zanzibar ina yake, Na. 8 ya 2005. Lakini kibarua huvuka bahari bila kuuliza habari za mipaka ya sheria. Kijana wa Ifakara huweza kuonekana akijenga hoteli ya ufukweni, na seremala wa Kipemba akapaua nyumba Morogoro. Wala Visiwani hawahitaji kukumbushwa juu ya Beit el Ajaib, iliyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa.

Tunavyoona sisi, dawa iko karibu kuliko inavyodhaniwa, nayo haihitaji sheria mpya. Mwenye kujenga mjini hutakiwa kupata kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Basi Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na manispaa za Unguja vilevile, ziweke sharti kwamba kibali kisitolewe mpaka mwombaji ataje kwa maandishi nani atahesabiwa kuwa mwajiri wa vibarua, yeye au fundi. Daftari la kawaida la shule liwekwe penye ujenzi, liandikwe kila asubuhi jina la kila mtu, kazi aliyopewa na ujira wake, na mtendaji wa mtaa apite kulitia sahihi mara moja kwa juma. Gharama yake haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji.