Mdundo wa Kompyuta: Uchague Programu Ipi?

Hapa Karatina wanamuziki hawakosekani. Jumamosi usiku mugithi husikika kutoka kwenye baa za mjini, mtu mmoja na gitaa lake (usiniulize nimejuaje), na Jumapili asubuhi huwa ni zamu ya kwaya. Aghalabu wote hao wana shida moja: hawana mpiga ngoma. Seti ya ngoma za bendi ni ghali, na ukiipiga katika nyumba ya mbao ya kupanga, majirani watakuhamisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hivyo kijana anayetaka kurekodi nyumbani huikimbilia tarakilishi. Huko nako hukuta programu chungu nzima, na wahenga hawakukosea waliposema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kwanza tuelewe programu hizi hufanya nini. Mnamo 1980 mitambo miwili ilitokea. Mmoja ni Roland TR-808 wa Japani, ambao uliunda sauti kwa umeme mtupu. Mwingine ni LM-1 wa Mmarekani Roger Linn, uliobeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Programu za leo ni wajukuu wa mitambo hiyo. Ukitaka mdundo wa disko, sauti ya umeme itakufaa. Lakini ukitaka msikilizaji aamini kwamba kuna mtu amekaa nyuma ya ngoma, basi tafuta yenye sauti zilizorekodiwa.

Sasa, wengi hudhani kubwa ndiyo bora. Chukua Superior Drummer 3 ya kampuni ya Toontrack ya Uswidi: sauti zake hujaza zaidi ya gigabaiti 200. Kompyuta ya mtumba yenye diski ya gigabaiti 250 itabebaje mzigo huo na bado ipate nafasi ya nyimbo zako? Ni programu nzuri ajabu, sikatai, lakini ni ya mwenye studio. Wengine hununua flashi zenye programu zilizoibwa, wakaletewa virusi buree. Isitoshe, mwanamuziki anayelia kwamba nyimbo zake zinaibwa, naye akiiba programu, tumwambieje?

FL Studio ya Ubelgiji inapendwa sana na vijana. Unaweza kuijaribu bila kulipa, ila kuna jambo la kujua mapema: toleo la majaribio hukuruhusu kuhifadhi kazi, lakini hutaweza kuifungua tena mpaka ununue. Usije ukakesha usiku kucha halafu kesho uanze kulia.

Lakini kwangu mimi swali kubwa si bei. Ni hili: je, programu itakubali sauti yako mwenyewe? Midundo iliyo tayari ndani ya nyingi ya programu hizi ilipangwa kwa ajili ya roki, jazi na kadhalika. Tafuta humo karing'aring'a, lakini wapi! Nayo karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma, ndiyo inayoandamana na kodiani katika mwomboko, ngoma ambayo wazee wetu waliicheza wawili wawili tangu enzi za ukoloni. Ukiutengeneza mwomboko kwa ngoma za roki, guka wako atasikiliza kwa heshima, kisha aulize mwomboko wenyewe utaanza saa ngapi.

Kwa sababu hiyo mimi ningemshauri anayeanza achukue Hydrogen. Ni ya bure kabisa, nyepesi, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukurasa wake ni kama daftari la hesabu: kila mstari ni chombo, kila kiraba ni sehemu ya wakati. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Ukiligawa mara nne, kiraba kimoja ni milisekunde 125. Na si lazima viraba viwe 16. Ukiwa na wimbo unaokwenda tatu tatu, weka 12.

Karing'aring'a utaiingiza hivi. Mwombe mwenye kuijua aigonge polepole, kiasi, kisha kwa nguvu, mara tatu au nne kila namna. Rekodi pia pigo lililoachwa livume na lile lililozuiwa kwa kidole. Fanya hivyo alfajiri kabla makanga hawajaamka. Simu inatosha, ila nyingi huhifadhi sauti katika faili za namna nyingine, kwa hivyo zigeuze ziwe wav kwa Audacity, ambayo pia ni ya bure. Hapo hapo kata kimya kilicho mwanzoni mwa kila pigo. Ukikiacha, chombo kitachelewa daima. Kisha zipange katika Hydrogen kwa tabaka: pigo dogo liite sauti ya polepole, pigo kubwa liite ya nguvu. Lile la kuvuma na lile la kuzuiwa yatie kundi moja la kunyamazishana, ili moja likilia jingine likatike, kama pete halisi.

Mpigaji binadamu hapigi kama saa ya ukutani. Hydrogen ina vidhibiti vya kuyumbisha kidogo nguvu na wakati wa mapigo. Viguse tu, ukivivuta hadi mwisho utapata mpigaji mlevi.

Kama unapenda kugonga mdundo kwa vidole badala ya kujaza viraba, tazama uchelewaji wa sauti. Kompyuta hukusanya vipande vya sauti kabla ya kuvitoa. Ikikusanya 256 kati ya 44,100 vya kila sekunde, utachelewa karibu milisekunde 6, na hutahisi kitu. Ikikusanya 4,096, ni karibu milisekunde 93, na hapo utadhani mtu mwingine anakujibu kutoka chumba cha pili.

Hifadhi kazi kila dakika chache, maana mvua ikinyesha stima huaga bila kubisha. Mdundo ukikamilika, utoe kama faili ya wav, uuweke Audacity, vaa visikizi, halafu mwite mwenye gitaa.