Furaha Yatozwa Yadi 15

Wamarekani wana mchezo wauitao mpira wa miguu, ilhali mchezaji huukumbatia mpira kwa mikono akatoka mbio kama mwizi wa nazi. Akiufikisha mwisho wa uwanja hupata pointi 6, kisha timu yake hupewa nafasi ya kuongeza: pointi 1 kwa teke, au 2 kwa kuuingiza tena. Katika vyuo vikuu nafasi hiyo huanzia yadi 3 tu. Lakini mfungaji akifurahi kupita kiasi machoni mwa refa, timu hurudishwa nyuma yadi 15.

Sasa, msomaji, hebu nambie: nani apimaye furaha, na kwa pishi gani?

Tarehe 6 Septemba 2008, Jake Locker wa Chuo Kikuu cha Washington alifunga zikisalia sekunde 2. Ikawa 28 kwa 27, Brigham Young wakiwa bado mbele. Kijana kwa furaha akaurusha mpira juu. Marefa wakatupa vitambaa vyao vya manjano, maana sheria ilikataza kuurusha hivyo. Teke lililokuwa jepesi likawa la yadi 35, likazuiwa, mchezo ukaisha.

Desemba 30, 2010, Adrian Hilburn wa Kansas State aliwafunga Syracuse, akawapigia watazamaji saluti. Saluti tu! Timu yake ilitaka pointi 2 ili isawazishe. Ikaanzia yadi 18, ikashindwa 36 kwa 34. Mwaka 2011 sheria ikakazwa zaidi: adhihakiye kabla ya kuvuka mstari, bao lake hufutwa.

Kukataza dhihaka sikulaumu. Sisi watu wa mwambao twajua kijembe kilivyogombanisha ndugu ngomani. Ila kijembe huwa na mlengwa wake. Locker alimlenga nani? Mbingu hazikushitaki.

Zito zaidi ni la ibada. Mwaka 1995, vyuo vilipoikaza sheria hii, Chuo Kikuu cha Liberty, cha Wakristo, kilikwenda mahakamani kikihofia wachezaji wake wataadhibiwa kwa kupiga magoti kuomba. Wakuu wa NCAA wakafafanua kwamba sala si kosa, na kesi ikaondolewa.

Hata hivyo, katika ligi ya kulipwa, Septemba 29, 2014, Husain Abdullah wa Kansas City, Muislamu aliyeuacha msimu mzima wa 2012 akaenda Hija na nduguye, aliunasa mpira wa Tom Brady akafunga. Akateleza kwa magoti, akasujudu. Hiyo ni sijida ya shukuru, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafii ni sunna kwa aliyejiwa na neema. Refa akamtoza yadi 15! Ligi ilikataza kusherehekea mtu akiwa chini, lakini sala haikuhesabiwa humo, na kesho yake ikatangaza kwamba hakustahili adhabu. Mwenyewe, kwa upole, alidhani kosa ni kule kuteleza.

Kansas City walishinda 41 kwa 14, yadi zile zisiwadhuru. Washington walirudi na pointi zao 27.