Kwa Nini Injini Huzimika Inapoongezwa Mafuta?

Injini ya pikipiki ndogo huweza kunguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini mara dereva azungushapo mkono wa mafuta, ikakohoa na kuzimika. Aghalabu chanzo cha hitilafu hiyo kimo katika kabureta.

Ili petroli iungue barabara, gramu 1 huhitaji gramu 15 hivi za hewa. Hewa ipitapo katika koo jembamba la kabureta, mwendo wake huongezeka na kanieneo yake hupungua. Hivyo kanieneo ya hewa ya nje huisukuma petroli kutoka kibakulini hadi katika mkondo huo. Injini ingurumapo polepole hulishwa na kitundu kidogo; ihitajipo nguvu hutegemea tundu kuu. Tundu hilo likizibwa na uchafu, hewa huongezeka lakini petroli haiongezeki. Mchanganyiko huwa hafifu, na injini huzimika.

Jaribio rahisi ni kuifunga choki nusu ili kupunguza hewa. Injini ikipata nguvu, yamkini petroli ni pungufu, au hewa inavuja kwenye maungio. Kwanza na ichunguzwe tundu ya hewa ya kifuniko cha tangi, kisha chujio, ndipo tundu kuu lisafishwe. Lisichokolewe kwa waya, kwani likipanuka vipimo vyake huharibika.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa, mbali na moto. Nayo injini isijaribiwe ndani ya chumba: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo huua.