Seji gani itastahimili jua la Mutomo?

Mkazi wa Nairobi ambaye kwao ni Mutomo, kusini mwa Kitui, aghalabu hushawishika kupakia garini miche iliyonawiri mjini ili akaipande nyumbani Desemba inapofika. Mimi nilifanya hivyo. Miche minne ya seji, ile ya mapishi yenye majani ya kijivujivu, niliipanda kando ya bafu ili inywe maji ya kuogea. Kufikia wiki ya tatu yote ilikuwa imeoza mizizi.

Nililaumu jua. La hasha, ni maji yaliyoiua. Seji hii asili yake ni vilima vya mawe vya nchi za Mediterania. Hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Penye mchanga mwekundu, ipande juu ya tuta dogo lililochanganywa na kokoto, mahali penye kivuli kidogo alasiri, na uimwagilie udongo ukishakauka hadi kina cha kidole. Penye udongo mweusi unaonata usijisumbue. Tumia mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, uutoboe chini. Kwa jamaa wanaofuata maji kwa punda, mkebe una faida nyingine: kikombe kimoja chatosha.

Chini ya mwembe, jaribu salvia ya maua mekundu. Huvumilia kivuli, lakini hiyo ni pambo, si ya kunywa.

Chia inayouzwa ghali madukani nayo ni aina ya seji. Ipande kwa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani hutegemewa kuliko za Machi. Mbegu zake zilowekwe kabla ya kuliwa, maana hufura mno zikipata maji na zaweza kumkwama mtu kooni.

Asiye na maji kabisa ana mutaa, wa ukoo mmoja na rehani, unaojiotea vichakani. Majani yake hupunguza mbu chumbani. Chandarua usikiondoe, hata hivyo.

Sasa tahadhari, msomaji. Chai ya seji haimfai mama mjamzito wala anayenyonyesha, kwani yaweza kupunguza maziwa. Mwenye kifafa aiepuke pia, na anayemeza dawa za kisukari amwulize daktari kwanza. Jambo lililo baya zaidi ni kwamba Waingereza huiita lantana “seji ya mwituni”, na kuna wanaodanganyika kwa jina hilo. Lantana si seji. Majani yake huharibu ini la ng'ombe na mbuzi, na matunda yake mabichi ni sumu kwa watoto.

Miche yangu ya pili imo mikebeni, kibarazani. Mama hutia majani mawili kwenye supu ya kuku, na bado analalamika kwamba yananuka dawa.