FILAMU YA "RAFIKI" NA FUNZO LAKE KWA WAZAZI

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kazi hiyo huzidi ugumu mtoto afikapo ujanani, anapoanza kujiuliza maswali ambayo wazazi wake hawakuyatazamia. Filamu ya Kenya iitwayo "Rafiki", iliyoongozwa na Bibi Wanuri Kahiu mwaka 2018, yahusu swali mojawapo lililo zito sana: kijana afanyeje moyo wake ukimwelekea mtu wa jinsia yake?

Filamu hiyo ilitokana na hadithi fupi ya Bibi Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja jijini Nairobi, na baba zao ni wapinzani katika uchaguzi. Urafiki wao wageuka mapenzi. Siri inapofichuka wanapigwa na kundi la watu. Kena anapelekwa kanisani kuombewe, na Ziki anasafirishwa London. Hata hivyo baba yake Kena anamtetea bintiye, ingawa ajua kwamba atakosa kura.

Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwezi uliofuata ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku 7, kwa watu wazima tu, na majumba ya sinema ya Nairobi yakafurika.

Hapa Rwanda, Katiba yatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, lakini sheria ya jinai haina kifungu kinachowaadhibu watu wazima wa jinsia moja kwa kupendana. Hivyo jambo hili huamuliwa zaidi nyumbani kuliko mahakamani. Nasi wa Rusizi, tunaopakana na Bukavu, twajua kwamba habari na picha huvuka mto bila kusubiri ruhusa ya mzazi.

Si lazima mzazi akubaliane na kila jambo lililomo katika filamu hii ili apate funzo. Kijana apigwaye kwa sababu ya swali haachi kujiuliza; huacha tu kumwuliza mzazi wake, akaenda kutafuta jibu kwa wasiomtakia mema. Basi wazazi, tuwasikilize kwanza. Kura hurudi baada ya miaka mitano. Mtoto aliyefukuzwa huenda asirudi.